Nyayo za Kwemnazo

Kila siku saa moja kasorobo asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mwantumu Kihiyo alimtazama mumewe akienda kuteka maji.

Uso wake hakuuona. Uso huo alikuwa hajautia machoni kwa miaka minne na miezi minne. Alichokiona, pale kwenye meza ya kioo ya Kituo cha Ramani mjini Ngambeni, chini ya mlima, kilikuwa nukta ya kijani ikitoka mlangoni, ikishuka mteremko, ikisimama kisimani, kisha ikipanda tena kwa hatua fupi za mtu aliyebeba ndoo mbili. Mguu wa kulia ulikanyaga kwa uzito, wa kushoto kwa uangalifu, kwa sababu ya goti aliloumia zamani alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu. Nukta nyingine arobaini zilitembea huku na huko kandokando yake. Hao ndio watu wote wa kitongoji cha Kwemnazo, kule mlimani, na Mwantumu aliwajua wote kwa miguu yao. Lakini hiyo moja ndiyo iliyomfanya afike kazini nusu saa kabla ya wenzake.

Ramani ilisikiliza mlima kupitia miguu ya watu. Vipimo vilivyozikwa ardhini miaka ya nyuma vilikuwa vimeoza kwa unyevu, na macho ya angani hayakuona kitu wakati wa masika, mawingu yanapokaa juu ya mlima wiki nzima. Ndipo wataalamu wakagundua kwamba udongo ukianza kulegea chini kwa chini, kabla mlima haujaporomoka, mwili wa binadamu hutambua kabla ya mwenyewe kutambua. Hufupisha hatua. Hutua kwa kisigino. Hupakwepa mahali bila kujua kwamba anapakwepa. Kikuku kilichovaliwa mguuni kiliyapokea hayo yote na kuyaleta mezani.

Sharti lilikuwa moja. Mtu aliyeambiwa kuna hatari hutembea kwa hofu, na hofu ikishaingia miguuni hufunika dalili nyingine zote. Kwa hiyo wasomaji wa ramani walikatazwa kusema neno lolote na watu wa mlimani, awe ndugu, awe mume. Ndani ya kila kikuku mlikuwa na sauti, lakini iliwekwa kwa ajili ya siku moja tu: siku ramani itakapofika alama ya saba. Siku hiyo watu wa Kwemnazo na watu wa mjini wangeambiwa pamoja, na wale wa juu wangekuwa na dakika arobaini za kushuka.

Mumewe Hoza mwenyewe ndiye aliyemwambia akubali kazi hiyo. Walikuwa wamekaa barazani wakichagua iliki.

"Nenda," alisema. "Kama kuna mtu wa kukaa anasikiliza miguu yetu, heri awe anayetujua."

Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Wote wawili waliuona muda huo kuwa mfupi, kama watu wanavyoiona safari kabla hawajaianza.

*

Ilikuwa Jumatano, wiki ya tatu ya mvua, alipoona Hoza akipinda.

Njia kutoka kisimani hadi kwenye banda la kukaushia iliki ilikuwa imenyooka tangu Mwantumu aanze kuitazama. Asubuhi hiyo nukta ya Hoza ilifika katikati, ikazunguka kama inayokwepa dimbwi, kisha ikarudi njiani. Mwantumu alidhani kweli ni dimbwi. Robo saa baadaye akapita Bi Mwanjaa, bibi kizee aliyetembea kwa mkongojo na hakupoteza hatua hata moja bila sababu. Naye akazunguka, na kwa upana zaidi. Ilipofika saa tatu walikuwa wamepinda watu kumi na watatu, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuangalia anakwepa nini. Pembeni ya meza ramani iliandika: alama ya tatu.

Mwantumu alipima. Mahali walipopakwepa palikuwa na upana wa hatua sitini. Kisha akapima jambo la pili, ambalo hakuna aliyemtuma. Daraja la magogo lililovuka korongo lilikuwa limesombwa mwezi uliopita, na tangu hapo waliokwenda mnadani walizunguka chini ya maporomoko. Alizifuata nyayo zao za Jumamosi. Kijana mwenye nguvu alitumia dakika sabini.

Alikwenda kumwita Mzee Kaniki, mkuu wa kituo, mtu wa miaka sitini na kitu aliyevaa sweta ileile masika yote. Mzee alisimama mezani, mikono nyuma.

"Alama ya tatu," alisema. "Tunangoja."

"Tukingoja ya saba hawatafika chini, mzee. Zile dakika arobaini ziliandikwa daraja likiwepo."

"Nimekuelewa."

"Basi tuwaambie sasa."

"Ukiwaambia sasa ramani inakufa. Mji huu una watu elfu sitini, Mwantumu. Nitawaambia nini? Kwamba tunahisi?" Aligeuka akamtazama. "Niliwahi kupiga king'ora kwa kuhisi. Mara tatu. Watu wakatoka na magodoro kichwani, wakalala uwanja wa mpira, wakarudi makwao wakinitukana. Mara ya nne walinisikia vizuri, wakageukia upande wa pili wakaendelea kulala. Nilichimba siku kumi na moja."

Hakusema alikuwa akichimba kumtafuta nani, na pale kituoni hapakuwa na aliyewahi kumuuliza.

"Na hawa arobaini na mmoja?" Mwantumu aliuliza.

"Walitia saini."

"Walitia saini wakiahidiwa dakika zinazotosha."

Mzee Kaniki alifuta kioo cha meza kwa mkono wa sweta, ingawa kilikuwa safi. "Nipe saa moja niongee na mkoa. Usiguse kitu."

Akatoka ukumbini na simu yake. Mwantumu akabaki na nukta zake. Hoza alikuwa amefika bandani na sasa alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akigeuza iliki kwenye chekeche. Mwantumu alijiuliza kama angelifikiria jambo hili hata kidogo iwapo Hoza asingekuwa kule. Jibu hakulipata, na aliona anatumia muda mrefu mno kulitafuta. Akaweka kidole juu ya nukta ya kijani na kufungua sauti.

*

Miaka minne alikuwa akipanga neno la kwanza atakalomwambia. Alikuwa na maneno mengi mazuri.

"Hoza," alisema. "Toka hapo ulipo. Sogea kaskazini hatua mia."

Nukta ilisimama. Kisha, polepole, ikakaa chini.

"Mwantumu?" Sauti ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, na ilitoka mbali kidogo, kwa sababu alikuwa akiunyanyua mguu na kuuweka juu ya goti ili asikie. "Uko mguuni kwangu?"

"Niko. Simama, sogea."

"Ni alama ya saba?"

"Bado. Nakuambia kabla."

Mwantumu alisikia mvua ikigonga bati la banda, bati alilolishikilia yeye mwenyewe wakati Hoza akilipigilia misumari.

"Watakufukuza," Hoza alisema.

"Sogea kwanza."

Akasogea. Mwantumu akamweleza upesi upesi: kwamba wote walikuwa wakipakwepa mahali pamoja, kwamba ardhi pale chini imeachia, kwamba njia ya kushuka ni ndefu kuliko muda watakaopewa.

"Mimi nilidhani nakwepa siafu," Hoza alisema. Kisha akapaza sauti kuita majirani, na Mwantumu akaona jinsi neno moja linavyosambaa. Nukta zikakimbia, zikakusanyika, zikatawanyika. Rangi za ramani zikafifia kama kitambaa kilichomwagiwa maji. Namba zikageuka vistari.

"Umetupofusha."

Mzee Kaniki alikuwa amesimama nyuma yake, simu bado mkononi. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono kuelekea swichi ya kuzima sauti.

"Nani huyo?" Hoza aliuliza kutoka mezani.

"Mkuu wangu."

"Shikamoo, mzee."

Mkono wa Kaniki ulikuwa umefika kwenye swichi. Ulikaa pale. "Marahaba," alisema hatimaye.

"Mzee, watoto na wazee na mama zao wanaanza kushuka sasa hivi. Tumebaki sita tunaoweza kukimbia, mimi na jirani yangu Mbwana na wengine wanne. Kama miguu yetu haiwafai tena, mdomo tunao. Tuambieni mnataka kujua nini, tutakwenda kuangalia na kuwaambia."

Mzee Kaniki alitazama ramani iliyokufa. Alimtazama Mwantumu kwa macho ambayo Mwantumu aliyakumbuka muda mrefu baadaye, kwa sababu hayakuwa ya hasira. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza kupapasa mifuko ya sweta akitafuta penseli.

"Aanzie kisimani," alisema. "Maji yana rangi gani?"

*

Tangu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, Hoza alikuwa macho yao.

Maji ya kisima yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Sakafu ya banda ilikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nusu saa baadaye uliingia mkono mzima. Nguzo za uzio wa Mbwana zilikuwa zimeinamia bondeni, zote kwa pamoja, kama watu wanaosikiliza. Mfenesi uliokuwa mpakani ulipasuka katikati huku wakiutazama. Kila neno Mwantumu alilichora kwa kalamu juu ya kioo, mahali ambapo ramani ilikuwa imefuta kila kitu. Kaniki aliandika saa na dakika.

Na kwa kuwa kutoka ufa mmoja hadi mwingine ni mwendo wa kutembea, kulikuwa na nafasi katikati. Mwanzoni hawakujua waijaze nini.

"Bado unaweka tangawizi nyingi kwenye chai?" Hoza aliuliza, akihema.

"Sinywi chai siku hizi mpaka..." Hakumalizia. "Mwaka jana, kiangazi, kila alasiri ulikuwa ukizunguka nyuma ya nyumba. Miezi mitatu. Mahali padogo, kama mstatili. Nilifikiri ni zizi la mbuzi."

"Zizi!"

"Ningejuaje? Naona miguu tu."

"Ni chumba," Hoza alisema. "Kile ulichokitaka. Dirisha linatazama mashariki. Nimelipaka rangi ya kijani, sijui kama utaipenda." Hatua zake zikasimama kidogo. "Niko mbele yake sasa. Ukuta umeachana na nyumba."

Mwantumu alishika kalamu akasahau kuchora. Mzee Kaniki aliinamia daftari lake kama mtu aliyeona kosa la kusahihisha. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema taratibu, "Muulize ufa umetoka upande gani."

"Upande gani, Hoza?"

"Juu. Unashuka."

Bi Mwanjaa alikataa kuondoka. Hoza alikwenda kumbembeleza mara mbili, na mara ya pili bibi akainama kuzungumza na mguu wa Hoza.

"Mwantumu mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mumeo ananisumbua, anataka kunibeba kama gunia. Mwambie aniache. Nimewazika watano hapa na sijui kulala pengine."

"Bibi, nakuomba."

"Nimekusikia, mama. Nimefurahi kusikia sauti yako. Haya, endeleeni na kazi."

Saa saba na nusu nyufa zilikutana, na ndipo walipoona umbo. Ulikuwa mwezi mwandamo, kutoka kisimani hadi kwenye mfenesi, na tumbo lake halikuelekea korongo la zamani kama kila mpango wa kituo ulivyodhani. Lilielekea upande wa soko. Huko ndiko watu wa mjini walikofundishwa kukimbilia.

"Piga king'ora," Mwantumu alisema.

"Hawatatoka," Kaniki alisema. "Wakiuliza ni alama ya ngapi, nitasema nini?" Alikaa kidogo, penseli mdomoni. Kisha akainuka ghafla. "Iunganishe sauti yake na vipaza sauti vya mji."

"Ya Hoza?"

"Mimi wamenizoea. Yeye hawamjui."

Ndivyo mji wa Ngambeni ulivyosikia, katikati ya mvua na biashara ya mchana, sauti ya mtu anayehema: "Mimi ni Hoza Shebughe. Niko Kwemnazo, nimesimama shambani kwangu. Huu ufa hapa unameza mkono wangu mpaka begani, na ninyi mko chini yake. Msiende sokoni. Nendeni upande wa misheni, mlima wa pili. Nitaendelea kusema mpaka niwaone mkitembea."

Akaendelea kusema. Alitaja alichokiona, kila kitu, hata kuku wa Bi Mwanjaa waliopanda juu ya paa. Dirishani Mwantumu aliona mlango mmoja ukifunguka, kisha mtaa mzima.

*

Saa nane na nusu alimwambia, "Basi. Inatosha. Ondokeni."

"Hatuwezi kushuka, korongo limejaa tope. Tunapanda juu, tutatokea upande wa pili wa mlima."

"Juu hakuna usikivu, Hoza. Sauti itakatika."

"Najua." Alikuwa tayari akitembea, na ule mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuta. "Mwantumu."

"Naam."

"Usizime wewe. Iache ikatike yenyewe."

Hakuzima. Alimsikiliza akipanda, pumzi na matope, pumzi na matope, mpaka ukabaki mvumo tu, na baadaye hata mvumo ukakoma. Saa tisa kasoro dakika tano Kwemnazo ikaondoka mahali pake. Kelele yake haikufanana na radi kama watu wanavyosimulia. Mwantumu aliisikia kama mtu anayeburuta kabati zito katika chumba cha juu, muda mrefu, bila kupumzika.

Tope lilifunika soko na nyumba mia tatu. Walikufa watu tisa mjini, wote waliorudi kuchukua kitu, na mlimani Bi Mwanjaa peke yake. Wale waliotangulia kushuka walifika wote.

Kesho yake Mwantumu alisimamishwa kazi. Kwenye kikao Mzee Kaniki aliulizwa kama mfanyakazi huyu alivunja kanuni akijua anaivunja, akajibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliulizwa kama angemtetea, akajibu ndiyo pia, na hilo hawakuliandika. Mwantumu hakumlaumu. Alirudisha ufunguo wa chumba cha meza na kushangaa jinsi mkono ulivyokuwa mwepesi, na asubuhi zilivyokuwa ndefu, bila mtu wa kumtazama akienda kuteka maji.

*

Siku ya tano lori lilikuja kutoka upande wa pili wa mlima, likasimama mbele ya shule walipohifadhiwa waliokosa makazi. Wanaume sita waliteremka. Mmoja alikuwa na mvi ambazo Mwantumu hakuzijua.

Hawakukumbatiana mbele za watu. Hoza alimpa mkono, na mkono ukabaki pale. Baadaye walikaa kwenye ngazi za darasa, sahani ya wali na maharage katikati yao. Alikuwa karibu kiasi cha kuguswa, lakini macho yake yalikuwa mlimani, kwenye lile jeraha jekundu lililotoka Kwemnazo mpaka mjini.

"Sisikii kisima," alisema. "Usiku nakaa nakisikiliza."

Miaka minne Mwantumu alikuwa amemtamani mtu huyu, na sasa mtu mwenyewe alikuwa ameketi hapa akitamani kitu ambacho kwisha kwa mkataba wowote kusingekirudisha. Alisogeza sahani upande wake. Hoza alikula matonge mawili.

"Kwa nini hukuja hata siku moja?" Mwantumu aliuliza. Hakuwa amepanga kuuliza. "Najua nilikuambia ukija utaiharibu ramani. Lakini hukuja hata siku moja."

Hoza alitazama chini.

"Nilikuja mara tatu."

"Hukuja. Ningeona."

"Kikuku changu alikivaa Mbwana. Nilimfundisha kuchechemea siku nzima mpaka akakasirika. Chake alikiacha kitandani, akajifanya mgonjwa."

Mwantumu alizikumbuka siku hizo. Alikuwa ameandika kwenye daftari la kituo: Hoza Shebughe anaonekana kuchoka. Mbwana hajatoka ndani. Alikuwa amekaa mezani saa kumi mfululizo, akiitazama miguu ya jirani kwa huruma yote aliyokuwa nayo, akiomba apone.

"Ulifika wapi?" aliuliza.

"Sokoni, jioni ulipotoka kazini. Nilisimama penye maduka ya vitambaa. Ulikuwa umevaa kitenge cha njano."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Unanunua nyanya. Unabishana na muuzaji." Kwa mara ya kwanza tangu ateremke kwenye lori, Hoza aliacha kuutazama mlima. "Mwishowe ulizichukua. Nilitaka kukuita nikuambie zimeoza chini."

"Zilikuwa zimeoza," Mwantumu alisema.

"Nilijua," Hoza alisema.